Fundo Kwenye Hasi

Siku mdogo wake alipoliingiza uani lile gari la kulala, Cheche alitoka karakana na kipande cha mkate bado kimo mdomoni, akalizunguka bila hata salamu, kisha akalipiga teke. Kiatu cha kazi, kile chenye chuma mbele, kiligonga ubavu wa gari mpaka bati likabonyea. Wateja waliokuwa kwa kinyozi ng'ambo ya njia wakaangua kicheko. Kinyozi mwenyewe akasema, "Leo gari limetangulia. Sijui anayefuata ni nani."

Walishamzoea. Jina la Cheche hakupewa na wazazi, alipewa na mtaa, na lilimfaa pande zote mbili: alikuwa fundi wa umeme wa magari, na alikuwa mtu wa kushika moto kwa neno dogo tu. Alishamchapa mteja mmoja kwa waya wa kuchajia, kisa ameulizwa gari litakuwa tayari lini. Alishamvunja fundi mwenzake kidole kwa koleo wakigombania mahali pa kivuli. Halafu umkute kazini sasa: mikono ile ile inakaza skrubu ndogo kama punje ya mchele, haitetemeki, haina papara. Unabaki kujiuliza Mungu alikuwa anafikiria nini alipomuumba.

Gari lenyewe lilikuwa basi dogo la zamani, baba yao alilinunua kwenye kampuni ya kujenga barabara alipokuwa msimamizi wa vibarua. Ndani mna vitanda viwili, jiko, sinki, na kabati ambalo mlango wake tangu liwepo haujawahi kufunga sawasawa. Familia nzima ilikulia humo. Barabara ikisogea, nao wanasogea nayo. Baba alipokufa, gari likabaki kwa mdogo wake Cheche, ambaye ni dereva wa malori na hana nyumba, na mama akabaki kwa Cheche, mwenye nyumba na mke.

Mama mapafu yake yalikuwa yamechoka. Alipumua kwa mashine ya oksijeni iliyokaa kando ya kitanda ikinguruma mchana na usiku, na mrija mwembamba ukiingia puani. Mashine ile inataka umeme. Umeme wa mtaani ukikatika, mama ana muda mfupi sana kabla midomo haijaanza kubadilika rangi. Ndiyo maana Cheche, kwa mikono yake, alimfungia nyumbani betri na inveta, hicho kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani. Hata taa za mtaa mzima zilipozimika, mashine ya mama haikukohoa hata mara moja. Katika mambo yote aliyowahi kufanya duniani, hilo ndilo lililomfanya ajione ni mtu.

Sasa mama anataka kuondoka. Sababu mtaa mzima uliijua, isipokuwa Cheche, aliyejifanya haijui. Mkewe alikuwa amepokea simu ya mteja akamwambia fundi hayupo, kumbe yupo chini ya gari. Kosa ni hilo tu, hakuna lingine. Kofi la kwanza lilimpata akiwa bado ameshika simu. La pili lilikuwa ngumi. Mwanamke wa watu akaanguka na kujigonga kwenye friji, jicho likafumba, naye akamfuata pale pale chini. Nyuma ya ukuta mama alikuwa amekaa kitandani na mrija puani, anasikia kila kitu, na pumzi ya kupiga kelele hana. Kulipokucha alimpigia simu mwanawe mdogo.

"Njoo unichukue," alimwambia. "Nipeleke kwa dada yangu. Nikifa nifie kwenye nyumba yenye utulivu."

Kwa mama mkubwa ni mbali, njia ya siku mbili, na sehemu kubwa ya njia hiyo haina umeme. Betri za gari zilikuwa zile za asidi za zamani, zimevimba matumbo, haziwezi kuwasha hata taa ya kusomea. Ilibidi ziondoke, ziwekwe mpya za lithiamu na inveta ya kuendesha mashine. Na mama alisema wazi kwamba fundi mwingine akizigusa, yeye haendi.

Hapo ndipo Cheche alipobanwa. Kazi ikiisha, mama anaondoka. Mama akiondoka, kila mtu atajua kwamba mzazi amemkimbia mwanawe mkubwa. Hilo la watu lilimuuma, lakini kulikuwa na lingine lililomuuma zaidi, ambalo hakumwambia mtu: alimpenda mama yule kupita kiasi. Asubuhi alipenda kuingia chumbani kwake kabla ya kazi, akae tu, asikilize mashine. Basi akafanya alichoweza. Akachelewesha.

Kwanza alisema sakafu ya sanduku la betri imeliwa na asidi, na kweli ilikuwa imeliwa. Akaikata, akachomelea mpya. Kisha akasema waya ni mwembamba, utapata moto, na hilo nalo lilikuwa kweli. Baada ya hapo ukweli ulimwishia, akabaki na visingizio. Tundu la hewa halipo mahali pake. Boliti hizi si zenyewe. Alichokifunga jana anakifungua leo, anakipuliza vumbi, anakifunga tena.

Mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Dereva, alikuwa mpole wa kuzaliwa, lakini hata mpole ana mwisho wake.

"Kaka, lini?" akauliza.

"Ukinisumbua nitakuvunja taya."

"Utanivunja, sawa. Lakini lini?"

"Unaona ninacheza hapa?"

Dereva akatazama pembeni. "Sijasema unacheza. Nimeuliza lini."

Cheche akamrushia kopo la grisi. Likampita sikioni, likagonga ukuta wa kinyozi, na kinyozi akafunga dirisha lake taratibu kama mtu aliyesikia mvua.

Siku ya siku ilifika mchana wa jua kali. Mama alikuwa ameomba alazwe ndani ya gari aone kama kitanda kitamfaa mgongo. Mkewe Cheche, na lile jicho lake lililogeuka zambarau, alimshika mkono akampandisha, akamlaza kwenye kitanda cha upande wa dirisha, akavuta waya mrefu kutoka jikoni mpaka garini ili mashine iendelee. Sanduku la betri lilikuwa chini ya kitanda kile kile, mlango wake unafungukia nje. Mlango ulikuwa wazi. Betri mpya zimo, inveta imo, nyaya mbili nene zinaning'inia zikisubiri kufungwa. Kazi ya dakika chache. Cheche akafuta mikono, akasema anakwenda kunywa chai.

"Chai?" Dereva alisema.

"Chai. Kwani chai ni haramu?"

Akavuka njia akaenda zake kukaa kwa kinyozi, akipuliza kikombe kilichokwisha kupoa.

Sasa ili uelewe kilichofuata, lazima ujue habari ya fundo. Baba yao alipofunga umeme wa gari lile, stoo ya kampuni ilikuwa na waya wa rangi moja tu, mweusi. Kwa hiyo akaweka sheria: waya wa chanya unapigwa fundo. Chanya fundo, hasi laini. Cheche alikuwa mtoto mdogo alipotumwa kushika waya, akasahau kupiga fundo, na baba akampiga kwa waya ule ule, uani, mbele ya vibarua, mpaka suruali ikagandamana na ngozi. Hakupigwa mara hiyo tu. Baba yule alipiga watoto, alipiga mke, alipiga vibarua, na akimaliza analala usingizi wa pono. Dereva alikua akaikubali sheria ya fundo, kwake ilikuwa kama kujua kulia na kushoto. Cheche alikua akaichukia. Alipofungua karakana yake mwenyewe, kila akikosa waya mwekundu, alipiga fundo kwenye hasi. Kwa makusudi. Kumkomoa marehemu. Mafundi wote waliofanya kazi kwake walijua: kwa Cheche, fundo ni hasi. Mdogo wake hakuwahi kufanya kazi kwake.

Na wiki ile madukani waya mnene mwekundu haukuwepo.

Dereva akachungulia sandukuni. Akaona nyaya mbili nyeusi, mmoja una fundo lililokazwa vizuri. Moyo ukamlainika kidogo. Akadhani kaka yake ameliheshimu gari la baba. Akachukua spana. Akaufunga waya wa fundo kwenye chanya ya betri, akakaza. Akaufunga ule laini kwenye hasi.

Mlio uliotoka ulimfanya kinyozi aruke na wembe mkononi. Inveta ilipasuka tumboni, moshi mweupe wenye harufu ya plastiki ukafuka sandukuni, ukapanda juu, ukaingia kwa dirisha mpaka kitandani alipolala mama. Mama akaanza kukohoa.

Cheche alivuka njia mbio. Hakuuliza kuna nini. Alimkuta mdogo wake ameinama, bado anashangaa, akamshika kisogo akamgongesha uso kwenye ubavu wa gari. Mara moja, mara ya pili. Mdomo ukapasuka.

"Umemuua! Umemuua mama!"

"Nimefuata fundo!" Dereva alipiga kelele, damu inamrukia Cheche kifuani. "Fundo ni chanya! Umeweka fundo kwenye hasi wewe, una wazimu?"

"Nani alikwambia uguse?"

"Ulikuwa unachelewesha makusudi! Hutaki aende! Sema basi, sema mbele ya watu!"

Laiti angenyamaza. Kwa sababu lilikuwa kweli, na Cheche alikuwa mtu wa kustahimili tusi lolote ila ukweli. Alimpiga ngumi ya tumbo, akampiga goti la uso. Dereva, yule mpole wa kuzaliwa, akayumba, akakumbuka kwamba spana bado iko mkononi, akairusha kwa nguvu zake zote. Ilimkata Cheche juu ya sikio, ikaenda ikalala ndani ya sanduku, juu ya vichwa viwili vya betri. Mwanga ulikuwa mweupe wa kupofusha. Chuma kilichoyeyuka kikaruka, kikamwangukia Cheche mkono wa kulia kuanzia kiganjani mpaka kiwiko. Kisha betri ikajizima yenyewe, maana betri hizi mpya zina kifaa cha kuzikata mambo yakiharibika. Wenye nazo hawakuwa nacho.

Maumivu yakamwongezea kichaa. Akamkumba mdogo wake, wakaanguka pamoja, wakabiringika juu ya chupa tupu za asidi na vumbi la uani. Miguu yao ikajisokota kwenye ule waya mrefu uliotoka jikoni. Waya ukavutika, plagi ikachomoka. Cheche akawa juu. Akaiweka mikono yote miwili kwenye shingo ya mdogo wake, ule mzima na ule ulioungua, akakaba.

Ndani ya gari mashine ikaanza kulia. Pii. Pii. Pii.

Alisikia. Hapo ndipo penye ubaya wote wa mtu huyu, na hakuna wa kumtetea. Mlio ule alikuwa akiamka nao hata katikati ya ndoto. Aliujua kuliko kilio cha mtoto. Aliusikia, akajua maana yake, na mikono haikuachia. Alitazama macho ya mdogo wake yakitoka nje, akasikia pii, pii, na sehemu fulani yake ikasema subiri, nimalize hili kwanza.

Aliyekimbia ni mkewe. Alitoka jikoni, akaona plagi imelala mavumbini, hakuwaangalia hata wanaume wale. Akauvuta waya, akaingia jikoni, akachomeka, akasubiri mpaka mlio ukakoma. Ndipo akachukua fagio la mti, akarudi uani, akampiga mumewe mgongoni. Akampiga tena. Mpini ulivunjika kwa pigo ambalo lilimfikia kichwani, na Cheche akaachia.

Aliinuka akageuka. Ngumi ilikuwa juu tayari, haikuhitaji kuambiwa. Wateja wa kinyozi walikuwa wamejazana njiani, hakuna aliyesogea. Mwanamke naye hakusogea. Alisimama na kipande cha mpini mkononi, jicho moja limefumba, jingine linamtazama usoni.

"Nipige," alisema. "Lakini ujue mashine ya mama yako nimeichomeka mimi. Wewe ulikuwa umekaa juu ya ndugu yako unasikiliza."

Ngumi ilibaki juu kwa muda. Kisha ikashuka, si kwa sababu ya huruma, sitaki kumsifia bure. Ilishuka kwa sababu mama alikuwa ametokea kwenye mlango wa gari. Alijikokota mpaka pale huku mrija umenyooka nyuma yake. Midomo ilikuwa ya kijivu. Akakaa kwenye ngazi ya gari, akavuta pumzi, akavuta nyingine, wote wakimngojea, na Dereva chini anakohoa na kutema damu.

"Maliza kazi yangu," mama alisema.

Cheche akachungulia sandukuni. Akaitikisa inveta, vipande vikacheza ndani kama njugu kwenye kopo.

"Imekufa, mama. Haifai tena." Pamoja na damu iliyomwingia sikioni, pamoja na mkono unaotoa malengelenge, jamani, alifurahi. "Huwezi kwenda."

Mama akavuta pumzi. "Na ile ya nyumbani? Ile uliyonifungia?"

Dereva hakujua jibu, alijua kuendesha tu. Mkewe hakujua. Kinyozi hakujua. Uani pale alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua kama inveta ya nyumbani inaingiliana na betri za gari, na neno moja lake lingetosha. Haiingiliani, mama. Nani angembishia? Mama angerudi chumbani kwake, mashine ingenguruma kando ya kitanda, naye kesho asubuhi angekaa pale kabla ya kazi. Alifungua mdomo kulisema. Akamtazama mama, ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, anahesabiwa pumzi zake na mashine, anangoja kuambiwa. Mama alimtumaini. Baada ya yote yale, katika jambo hili la waya, bado alimtumaini.

"Inaingia," alisema.

Akaenda ndani akaing'oa ukutani. Ilimchukua muda, maana vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekataa kukunja. Mkewe alimletea maji ya baridi kwenye beseni, akayaweka mlangoni, akaondoka. Cheche alichovya mkono, akauma meno, akaendelea. Akasafisha vichwa vya betri vilivyoungua. Akabandika utepe mwekundu kwenye waya wa chanya kama mafundi wengine wote duniani, akafunga fyuzi, akakaza kila nati na kuijaribu kwa kuivuta. Dereva alimshikia tochi, shingo yake ina alama za vidole. Mara moja Dereva alihamisha tochi ili kaka yake aone vizuri, na Cheche akanung'unika kitu kilichokaribia kuwa ahsante.

Akawasha. Taa ya kijani ikawaka. Akaihamishia mashine ya mama kwenye umeme wa gari, ikanguruma, akakaa akiisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa kazi nzuri. Ingemfikisha mama mbali kuliko alikokuwa anakwenda.

Mama alikuwa amekwisha kujilaza, shuka limemfika kifuani, nguo zake zimo kwenye kabati lisilofunga. Dereva alikuwa nje anajaza maji kwenye rejeta. Cheche akapanda ndani kumuaga. Alitaka kumwambia kitu, alikuwa amekipanga tangu akikaza nati ya mwisho, lakini akaona waya wa mashine umepita karibu na uso wa mama, gari likitikisika utamwangukia. Kulikuwa na msumari ukutani, juu ya kichwa chake. Akainama. Akauinua mkono wake mzima ili auning'inize waya pale.

Mama akajikunja. Goti likapanda, kichwa kikazama begani, na mkono wake mwembamba ukaruka ukaufunika uso. Ulikuwa wa haraka kuliko kitu chochote alichokifanya mwaka mzima ule. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijikunja kwenye kitanda hiki hiki, baba akisimama juu yake.

"Mama," Cheche alisema, mkono bado uko hewani. "Mama, ni mimi."

Mama hakuushusha mkono.

"Najua ni wewe," alisema.

Cheche akarudi kinyumenyume mpaka nje, akamwita mdogo wake aje aufunge ule waya.